Moshi wa Nyumba ya Benedicta

Katika vilima vya Mgololo, mahali ambapo ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, palikuwa na nyumba moja iliyofuka moshi kila siku kwa miaka mitano bila mtu kuishi ndani yake. Wageni waliopita njia ile walidhani ina wenyewe, wakapiga hodi. Wenyeji walipita upande wa pili wa njia na kuongeza mwendo.

Aliyeuwasha moto ule alikuwa mjane aitwaye Apolonia, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Hakuwa mtu wa cheo chochote. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, akisema kwamba kifua chake kinapenda hewa. Lakini wenzake walijua kwamba anataka kutoka wa kwanza ili awahi shambani. Hakujua kusoma. Rozari yake ilikuwa ya mbegu nyeusi za mwituni, na kamba yake ilikuwa imekatika na kuungwa mara nyingi hata mafundo yakawa mengi kama mbegu. Katika watoto wake alibakiwa na mmoja tu, Crispin, na mwaka 1949 Crispin alimwoa Benedicta, binti wa ng'ambo ya mto.

Wakamjengea Benedicta nyumba yake mwenyewe, hatua hamsini hivi kutoka kwa mama mkwe. Wanawake hawa wawili walipatana upesi. Benedicta alikuwa mcheshi, tena aliimba wakati wa kupalilia, na Apolonia, ambaye hakujaliwa sauti ya kuimba, alipenda kulima karibu naye ili asikie.

Ugonjwa ulijitambulisha jikoni. Asubuhi moja ya mwaka 1951 Benedicta aliinua chungu cha uji kutoka motoni kwa mikono mitupu, akakiweka chini polepole, akaendelea na mazungumzo. Apolonia aliona ngozi ya vidole imebanduka.

"Mwanangu, huungui?"

Benedicta akatazama mikono yake kama mtu anayetazama mikono ya mwingine. "Sijasikia kitu, mama."

Mganga wa zahanati akamchoma sindano mgongoni, mahali palipokuwa na mabaka, naye hakushtuka. Ulikuwa ukoma. Aliandikiwa barua ya kwenda kituo cha wagonjwa wa namna ile, mwendo wa siku tatu, moja kwa basi na mbili kwa miguu. Kulikuwa na vidonge vipya, mganga alisema, na watu walikuwa wanapona. Lakini pale kijijini hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja aliyepona. Waliokwenda walikwenda moja kwa moja.

Siku ya kuondoka, Benedicta alisimama mlangoni na kibunda chake. Mumewe Crispin alikuwa tayari njiani, akingoja kumsindikiza. Benedicta akageuka, akasema neno moja tu:

"Mama, na nyumba yangu?"

"Utaikuta," Apolonia akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Baadaye, alipokuwa amekaa peke yake kwenye mafiga ya Benedicta, alilipima, akaliona zito. Alikuwa amesema mbele ya mgonjwa, na kwa hiyo mbele ya Mungu. Hakuwa na namna ya kulirudisha mdomoni.

Siku ya tatu Kalinga alifika. Kalinga alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Apolonia, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuwa fundi wa kuezeka nyumba asiye na mpinzani upande ule wote, na alizoea kutazama paa la mtu kabla ya kutazama uso wake. Alisimama mbali na kizingiti, akasalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Karibu ndani."

"Nimeshiba," Kalinga akasema, ingawa hakuna aliyemtajia chakula. "Nimekuja kwa neno la nyumba hii. Moto uzimwe, majivu yamwagwe, tuichome kabla ugonjwa haujatambaa. Crispin bado kijana. Atajengewa nyingine upande wa juu, atafutiwa mwenzake."

Apolonia alikuwa anapuliza moto. Hakusimama.

"Shemeji, kwetu moto wa nyumba huzimwa lini?"

"Unajua mwenyewe. Mwenye nyumba akifa."

"Nani amekufa?"

Kalinga akakohoa. "Si amekwenda kule?"

"Kwenda siyo kufa. Wewe mwaka jana ulikwenda Ruaha Mbuyuni kuwaezekea watu miezi miwili, sikusikia mkeo akimwaga majivu."

Kalinga akatazama paa, kama alivyozoea. Alisema kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Akasema pia kwamba nyumba isiyokaliwa itaoza yenyewe, basi yeye hana haraka; mvua na mchwa vitafanya kazi yake. Akaenda zake.

Hapo alikuwa amesema kweli, na Apolonia alijua. Nyumba ya nyasi hulindwa na moshi. Moshi ukipanda kila siku, fito hupata masizi, wadudu hawali, nyasi hukauka hata ukungu ukikaa wiki nzima. Moto ukikoma, paa hunyauka kama jani na kuanguka ndani ya misimu miwili. Kwa hiyo tangu siku ile Apolonia aliamka alfajiri, akatoa kaa katika meko yake mwenyewe, akaliweka juu ya kigae cha chungu, akavuka zile hatua hamsini na kuwasha moto katika nyumba ya mkamwana wake. Alikaa hapo mpaka kuni zikolee, na muda huo ulimtosha kusali fungu moja la rozari. Alifagia. Aligeuza mkeka ili usishike ukungu. Kisha akashika jembe.

Maana shamba la Benedicta nalo alililima. Alipanda mahindi, maharage na njegere kwenye matuta yale yale, na mavuno ya kwanza alichagua mahindi mazuri, akayatundika darini mwa nyumba ile juu ya moto, yawe mbegu. Mwaka uliofuata alipanda mbegu hizo hizo, siyo zake.

"Mama Crispin, unamlimia nani?" wanawake walimuuliza kisimani.

"Mwenye shamba."

"Mwenye shamba si hayupo?"

"Ndiyo maana nalima mimi. Angekuwepo angelima mwenyewe."

Walicheka, lakini ndoo zao waliziweka mbali na yake. Mwaka wa kwanza hakuna aliyekunywa maji kwa kikombe cha Apolonia. Alilitambua hilo. Alianza kwenda kisimani na kikombe cha Benedicta, akanywa mbele yao, taratibu, kila siku.

Katekista wa kijiji, Joachim, alikuwa kijana mwenye miwani na moyo mwepesi. Ndiye aliyekwenda misheni kila mwezi na kurudi na barua. Barua za Benedicta zilikuwa fupi, zimeandikwa kwa mkono wa sista wa huko. Anameza vidonge. Anashona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimejikunja, lakini havina kidonda. Kila mwezi wanamkwangua ngozi ya sikio na kuitazama kwa kioo cha kukuza, kama bado ina wadudu wa ugonjwa. Siku itakapokuwa safi miezi kumi na miwili mfululizo bila kukatika, atapewa cheti cha kurudi.

"Na wewe, mama, unaamini atarudi?" Joachim alimuuliza siku moja, baada ya kukunja barua. Hakuuliza kwa kumjaribu. Alikuwa na mahubiri ya Jumapili kichwani na alitaka kujua.

Apolonia alifikiri. "Sijui kama atarudi. Asubuhi nyingine naamka naona atarudi, nyingine naona najichosha. Lakini, Joachim, kila siku namwomba Mungu amrudishe. Sasa nikiomba mtu arudi, na mtu huyo hana pa kulala, nitakuwa nimeomba nini?"

Joachim hakuhubiri hayo Jumapili ile. Alisema baadaye kwamba aliona haya.

Crispin alikuwa amepata kazi ya barabara upande wa Mbeya, karibu na Iyunga, kupasua mawe na kujaza mashimo. Alirudi kila Noeli, akalala kwa mama yake. Noeli ya mwaka 1954 alikaa jikoni muda mrefu akichora majivu kwa kijiti.

"Mama, mimi si jiwe."

"Sijasema wewe ni jiwe."

"Kule Iyunga kuna watu wananifulia, wananipikia. Baba mdogo Kalinga anasema—"

"Kalinga anaezeka nyumba vizuri sana. Kwenye mengine simsikilizi." Apolonia akamtazama mwanawe, akaona amekonda, hasira ikapungua. "Mwanangu, sikushiki mkono. Ukitaka kuvunja ulichoahidi mbele ya altare, Iyunga ni mbali, sitakuona. Lakini nyumba ile ina mwenyewe. Huwezi kumleta mtu mwingine humo."

Crispin aliondoka bila kuingia katika nyumba ya mkewe. Alisimama tu mlangoni, akanusa moshi, akaenda zake.

Kuanzia Mei mwaka 1955 habari zilikuwa njema. Kipimo cha nane mfululizo safi. Cha tisa safi. Cha kumi safi. Apolonia alianza kuhesabu kwa punje za mahindi, akazipanga kwenye kizingiti. Kisha, mwezi wa Agosti, Joachim alirudi kutoka misheni akitembea polepole kuliko kawaida yake.

Kwenye kipimo cha kumi na moja wadudu walikuwa wameonekana tena. Hesabu ilirudi mwanzo. Na safari hii Benedicta alikuwa ameomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, nayo Joachim aliyasoma akiwa ameinamisha uso:

"Mama, hapa wapo wengi waliopona wakabaki, kwa sababu kwao hakuna nyumba tena. Wamezoea. Na mimi nitazoea. Usijisumbue tena na nyumba yangu. Mwambie Crispin atafute mwenzake. Nakushukuru kwa yote."

Apolonia aliinuka, akaenda kulala saa saba mchana. Kesho yake hakuwasha moto katika nyumba ya Benedicta. Alilima mpaka jioni kama mtu anayegombana na ardhi, akapita mbele ya nyumba ile bila kugeuza kichwa.

Asubuhi ya pili aliamka, akakuta hata moto wa meko yake mwenyewe umezimika. Akakaa kitandani. Alijiambia kwamba ametimiza. Miaka minne si haba; hakuna atakayemlaumu, hata mwenyewe amemruhusu. Alirudia maneno hayo mara tatu na kila mara yalikuwa na haki. Hata hivyo hakuweza kuinuka, na hakuweza kulala, na neno lile la mlangoni lilikuwa palepale. Utaikuta. Hakuwa amesema utaikuta ukipona mapema. Hakuwa amesema utaikuta ukiendelea kuitaka.

Akachukua kigae, akaenda nyumba ya karibu, ambayo ilikuwa ya Kalinga.

Mke wa Kalinga, Damari, alikuwa anakoka moto. Alimwona Apolonia na kigae mkononi, akaelewa.

"Kaa la kwako au la kule?"

"La kule."

Damari akachungulia mlangoni kama mume wake yupo. Kisha akachagua kaa kubwa, jekundu, akalisukuma kwenye kigae kwa kijiti.

"Mimi sijakupa," akasema. "Umeokota."

"Nimeokota," Apolonia akaitikia.

Alipoingia katika nyumba ya Benedicta alitazama juu, akaona alichokuwa akikwepa kukiona tangu masika. Mwanga ulipenya paani mahali pengi kama chekeche. Moshi ulikuwa umelinda fito, lakini nyasi zilikuwa za mwaka 1949, zimechoka. Mvua za Novemba zikishuka, nyumba ingejaa maji. Ilitaka kuezekwa upya, yote.

Basi akaenda kwa Kalinga, safari hii kwa mlango wa mbele.

"Shemeji, nimekuja kukuomba uniezekee nyumba ya mkamwana."

Kalinga alikuwa anasuka kamba. Alimtazama kwa huruma ya kweli, maana habari za barua zilikuwa zimeenea. "Apolonia, dada yangu. Nikueleze kitu. Ngoja kwanza. Tuone. Huyo mwana akipona kweli, akiletwa na cheti chake, mimi Kalinga nitakuja na watu ishirini, tutaezeka kwa siku moja na pombe ya ulanzi tutakunywa. Lakini kuezeka sasa, wakati barua imesema vile? Ni kumvalisha nguo mtu ambaye hayupo."

"Na siku hiyo moja atalala wapi?"

"Siku ipi?"

"Siku mnayomngoja aonekane ili muanze."

Kalinga alikuwa na hofu, na hofu ilimtosha kuwa jibu. "Watu hawatapanda pale, shemeji. Mimi mwenyewe sipandi."

Apolonia akanunua mitungi miwili ya ulanzi, akatangaza siku ya kazi kama ilivyo desturi. Mtu akitangaza kazi na kinywaji kipo, watu huja. Siku ile haikutokea hata nafsi moja. Ulanzi ukachacha, akaumwaga kwenye migomba.

Hapo ndipo alipoacha kuomba watu. Nyasi alijua kuzikata, maana kukata nyasi ni kazi ya wanawake. Alikata majuma mawili, akafunga matita, akayabeba kichwani kutoka bondeni moja baada ya jingine mpaka yakawa lundo refu kuliko yeye. Kamba alisuka mwenyewe. Ngazi aliazima kwa Joachim, ambaye alijitolea kupanda, lakini alipofika kipandio cha tatu akashikwa na kizunguzungu, miwani ikaanguka, ikabidi ashushwe.

"Rudi ukafundishe katekisimu," Apolonia akamwambia. "Kila mtu na wito wake."

Siku iliyofuata, mchana kweupe, Apolonia alivaa koti refu la kaki la marehemu mumewe kwa ajili ya heshima, akalifunga kiunoni kwa kamba, akapanda juu ya paa.

Kwa watu wa pale hilo lilikuwa jambo lisilosemeka. Mwanamke hapandi paa. Mwanamke mjane, tena mkwe wa mtu, kupanda juu ya nyumba ya mkamwana wake, ilikuwa kama ukoo mzima umetembea uchi sokoni. Habari ilifika kila mlango kabla hajafunga tita la pili. Watu wakaja, wakasimama mbali, mikono vinywani. Wengine walicheka. Kalinga akaja akikimbia.

"Shuka! Shemeji, shuka chini! Unatuaibisha!"

"Nitashuka nyasi zikiisha!"

"Wewe ni mwanamke!"

"Najua. Miaka hamsini na mitatu sasa."

"Ukoo wote utachekwa!"

"Ukoo umeteguka miguu? Ngazi ni hiyo hapo!"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka Apolonia. Kalinga akavuta pumzi ajibu, lakini macho yake yakafika paani, kama kawaida yake. Alikuwa ameona jambo baya kuliko aibu. Apolonia, ambaye maisha yake yote alikuwa amebeba nyasi na kuzikabidhi kwa wanaume bila kuruhusiwa kutazama wanavyozipanga, alikuwa ameanza kuezeka kutoka kileleni kwenda chini.

"Mungu wangu," Kalinga akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza: "Nani kakwambia uanzie juu? Nyasi huanzia chini! Safu ya juu inalalia ya chini! Maji yote yataingia ndani hapo!"

Apolonia akasimama na tita mkononi. Akatazama safu zake. Aliona kwamba ni kweli, na kwamba kazi ya asubuhi nzima ni ya kufumua.

"Asante kwa kunieleza," akasema. Akaanza kufumua.

Kalinga alivumilia muda wa kufumua safu ya kwanza. Alimwona anavyoshika kinyume sindano ya mti ya kushonea nyasi, anavyokaza fundo upande usiofaa. Alizunguka nyumba mara mbili. Alitema mate. Mwishowe alichuma majani ya mgomba, akajifunga mikononi hadi kwenye viwiko ili asiguse kitu, akapanda ngazi.

"Sogea," akasema. "Sogea, mwanamke, unaniharibia nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Sogea tu. Shuka, unirushie nyasi. Na usinisemeshe."

Apolonia akashuka. Alirusha, Kalinga akapokea. Majani ya mgomba yalikuwa yanateleza, kamba haishikiki, na kufikia adhuhuri alikuwa ameyatupa. Alasiri vijana wawili waliotumwa na Damari wakaja kusaidia. Siku ya tatu paa lilikamilika, limekatwa ukingoni kwa panga, limenyooka kama limechorwa. Kalinga aliingia ndani kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne ili atazame kama mwanga unapenya. Haukupenya. Alikaa hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akitazama mahindi ya mbegu darini na mkeka uliofagiliwa.

"Haya," akasema alipotoka. "Mvua zije."

Mikono yake haikupata hata upele. Kijiji kizima kiliitazama mikono ile mpaka Noeli.

Apolonia akamwomba Joachim aandike barua ya maneno machache. Joachim alitaka kuongeza faraja, naye akakataa. "Andika hivi: Mkamwana, salamu. Nyumba yako imeezekwa upya. Meza vidonge. Mimi mama yako. Basi, funga."

Noeli ile Crispin alikuja kutoka Iyunga. Alisimama mbele ya nyumba, akalitazama paa, akauliza nani kaezeka; alipoambiwa, alidhani anataniwa. Usiku alichukua blanketi kwa mama yake, akaenda kulala katika nyumba ya mkewe, peke yake. Kulipopambazuka mama yake alimpelekea kaa la moto kama siku zote, akakuta mwanawe ameshawasha.

Mwaka 1956 barua zilikuja, kisha mwezi wa Juni zikakatika, maana katekista alikuwa mgonjwa wa miguu na hakwenda misheni. Apolonia hakupanga tena punje kwenye kizingiti. Aliwasha moto, akasali, akafagia, akalima.

Mwishoni mwa Agosti alikuwa bondeni kwenye vinyungu, vile vibustani vya ardhi yenye maji ambavyo hulimwa kiangazi, akipanda maharage. Kutoka pale nyumba ya Benedicta ilionekana juu ya kilima. Moto wake wa alfajiri kwa kawaida ulikuwa umekwisha kufifia muda ule, umebaki uzi mwembamba wa moshi. Apolonia aliinua mgongo kupumzika, akatazama juu.

Moshi ulikuwa umefunika paa lote. Mzito, mweupe, unatoka kila upande.

"Wameichoma," akasema.

Hakukumbuka baadaye alivyoupanda ule mlima. Alikumbuka tu kwamba jembe lilikuwa mkononi na kwamba alikuwa akitaja kwa sauti jina la Kalinga pamoja na majina mengine ambayo alikuja kuyaungama Jumamosi. Alipofika kwenye njia panda alimwona Kalinga mwenyewe anakuja kwa mbio kutoka upande wa pili, ndoo ya maji mkononi, nusu imemwagika miguuni.

"Paa langu!" Kalinga alikuwa anapiga kelele. "Nani amechoma paa langu?"

Wakafika pamoja. Hapakuwa na ulimi wa moto popote. Moshi ulitoka mlangoni na kupenya chini ya nyasi, na ndani kulikuwa na mtu anayekohoa.

Apolonia akainama, akaingia na jembe lake. Karibu na mafiga alikuwa amepiga magoti mwanamke aliyevaa gauni la bluu na viatu vya matairi, anapuliza moto uliokataa kuwaka. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimejikunja. Akageuza uso wenye machozi ya moshi.

"Kamwene, mama," akasema. "Nilikuta majivu bado ya moto. Nikasema nikuwekee uji, utakuwa bondeni."

Apolonia alisimama. Alitazama mafiga.

"Umeweka kuni mbichi," akasema. "Miaka mitano nakuwashia moto mzuri, unakuja kuutia kuni mbichi."

"Kavu ziko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Ziko palepale ulipoziacha wewe. Palepale kila siku."

Benedicta akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena, na Apolonia akatupa jembe, akapiga magoti kwenye majivu, akamshika uso kwa mikono yake miwili yenye matope. Karatasi ya cheti ilikuwa imekunjwa kifuani mwa Benedicta. Alitaka kuionyesha, Apolonia hakuitazama.

Mlangoni Kalinga alisimama na ndoo yake, bado anahema. Akatazama juu, kuhakikisha nyasi ni salama. Kisha akatazama chini, kwa wale wanawake wawili.

"Mkamwana," akasema, akisafisha koo. "Karibu nyumbani. Maji haya... nilidhani... Basi, yatumieni kwa uji." Akavuka kizingiti, akaiweka ndoo karibu na meko. "Mimi naenda kumwamsha Joachim, miguu iume isiume, aandike barua ya Iyunga leo hii."

Kesho yake alfajiri Apolonia aliamka kwa mazoea. Alitoa kaa mekoni, akaliweka juu ya kigae, akafungua mlango. Ukungu ulikuwa umetanda, lakini juu ya paa la nyumba ya pili alipambanua moshi, mwembamba, ulionyooka, wa kuni kavu. Alisimama akiutazama mpaka akamaliza fungu lake la rozari. Halafu akalirudisha kaa mekoni, akachukua jembe, akashuka bondeni kumalizia maharage.